Binti yangu hataki Kaptula achinjwe

Shangazi, shikamoo.

Najua watu wanakuandikia mambo mazito, ndoa zinavunjika, wengine wanadaiwa mpaka nyumba, na mimi nakuletea habari za mbuzi. Barua hii nimeianza mara tatu nikaiacha kwa aibu. Lakini siku zinakwenda na usiku sipati usingizi, kwa hiyo nivumilie tu.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Kibosho, nauza mitumba soko la Memorial pale Moshi mjini. Mume wangu ni kitindamimba, na kwa desturi yetu Wachaga kitindamimba ndiye anayebaki kwenye kihamba cha baba, yaani shamba na makazi ya ukoo. Kwa hiyo nyumba yetu na ya wakwe zinatazamana, katikati kuna migomba na banda la mifugo. Sina ugomvi nao. Mama mkwe ndiye amenilelea watoto nikiwa sokoni.

Miaka miwili iliyopita mbuzi wa baba mkwe alizaa mapacha, siku ya pili akafa na mtoto mmoja. Aliyebaki alikuwa mweupe, ila nyuma ana weusi kuanzia kiunoni mpaka magotini, kama kavaa kaptula ya shule. Babu akamkabidhi binti yangu, hapa nimwite Neema, wakati ule ana miaka tisa. Akamwambia, "Huyu ni wako. Mlee, ndiye wa komunyo yako." Neema akampa jina la Kaptula. Alimnywesha maziwa ya ng'ombe kwa chupa kabla ya kwenda shule na akirudi. Usiku wa mvua alikuwa anamwingiza jikoni kwa siri, alale karibu na majivu ya moto. Nilijua, nikanyamaza. Mbuzi akakua, akahasiwa kama inavyotakiwa, na sasa ni ndafu, mbuzi wa kuchinjwa kwenye sherehe, ambaye kila mgeni akipita anamsifu.

Jambo ambalo lazima ulijue ni kwamba Neema ana kigugumizi, tangu akiwa na miaka mitatu. Akiitwa darasani kusoma anabaki na herufi ya kwanza mpaka wenzake wanammalizia. Nyumbani akiona anakwama anaacha, anaonyesha kwa kidole. Mwaka jana jioni moja nilikuwa nakata majani ya mgomba nyuma ya banda, nikasikia mtu anasoma. Shangazi, alikuwa Neema, anamsomea Kaptula kitabu cha Maarifa ya Jamii. Ukurasa mzima, hakukwama hata mara moja. Nilikaa chini palepale kwenye matope na gauni langu la sokoni. Tangu siku hiyo najua: ikifika saa kumi na moja jioni yupo bandani anasoma. Hata maswali ya katekista kayakariri kule kule. Sijamwambia mtu.

Komunyo ni wiki tano zijazo. Babu ameshaalika ndugu wa Arusha na Dar, na mbele ya wazee alishasema ndafu ni Kaptula. Kwetu mbuzi wa sherehe ana taratibu zake, kila kiungo kina mwenyewe, huwezi kuamka asubuhi ukabadilisha. Neema alisikia yakisemwa. Hakulia. Alikuja jikoni akaniambia, maneno yakitoka moja moja kwa shida, kwamba basi komunyo yake isifanyike. Nilishtuka, nikamwambia, "Kaptula hatachinjwa, nakuahidi." Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Mbuzi si wangu, kihamba si changu.

Mume wangu anauliza, tunalea mtoto au tunalea mbuzi? Anasema mbuzi aliyehasiwa hazai, hatoi maziwa, ukimwacha atakula majani mpaka azeeke. Mpango wake ni kwamba siku ya Alhamisi, Neema akiwa shule, Kaptula aondolewe, mtoto aambiwe ameibwa. Wezi wa mbuzi huku wapo kweli, ataamini. Mama mkwe hasemi kitu. Babu hajui lolote, na nani wa kumwambia? Ana miaka 78. Ni mzee mtaratibu tu, jioni kama saa moja akitoka kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, anapitia bandani na maganda ya ndizi kwenye mfuko wa koti, anamlisha Kaptula, anamkuna kuna pembeni ya pembe, ndipo anaingia kulala. Lakini neno lake likishatoka mbele ya watu halirudishwi.

Bandani wamebaki majike wawili, mmoja ana mimba. Kununua mwingine wa ukubwa ule si chini ya laki mbili, na hela ya sherehe tumeshaipangia mpaka ya mwisho.

Naomba usinione wa ajabu. Nyama nakula na kisusio, supu yetu ya damu ya mbuzi, nakunywa, sijawahi kumlilia mbuzi maishani. Je, namharibu mtoto? Au nikubali mpango wa mume wangu, alie wiki moja, yaishe?

Mama Mwenye Ahadi, Kibosho

*

Marahaba, mwanangu.

Aibu iondoe kwanza. Ndoa zinazovunjika huwa zinaniletea barua zinazofanana mno. Yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeacha chai ikapoa.

Nikuambie nilivyokuelewa. Unasema tatizo ni mbuzi, lakini ndani ya barua nimeona mambo matatu yamefungwa kamba moja. Kuna mtoto aliyempata msikilizaji mmoja duniani asiyemharakisha. Kuna neno la mzee lililotamkwa mbele ya ukoo. Na kuna ahadi yako, uliyoitoa kwa hofu, juu ya kitu kisicho mkononi mwako. Nikikusoma vizuri, hiyo ya tatu ndiyo inayokunyima usingizi.

Unauliza kama unamharibu mtoto. Tusikimbilie hapo. Mtoto aliyeamka alfajiri kumnywesha kiumbe yatima maziwa mpaka akasimama, kuna baya gani alilofunzwa? Kazi mliyompa aliifanya, labda kwa moyo kuliko mlivyotarajia. Hebu pia tuitazame ile kauli ya Babu, "Huyu ni wako, ndiye wa komunyo yako." Babu alisema kitu kimoja, na mtoto wa miaka tisa akasikia viwili. Mtu mzima akisikia "wa komunyo" anaona ndafu mezani. Mtoto aliishia kwenye "wako". Hakuna aliyemdanganya mwenzake pale. Ila tangu siku ile mbuzi huyu ana wenyewe wawili, na hakuna aliyewaketisha pamoja.

Mapenzi yenyewe si ya kufikirika, na si ya upande mmoja. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London walichapisha jaribio walilofanya kwa mbuzi. Waliwazoesha kufungua kisanduku wapate chakula, kisha wakakifunga kisifunguke. Mbuzi waliposhindwa walimgeukia mtu aliyesimama pale wakamkodolea macho, na walimtazama zaidi alipokuwa amewaelekea kuliko alipowapa mgongo. Nilicheka niliposoma. Bibi yangu angewaeleza hayo bure, tena akiwa amesimama. Kwa hiyo Neema anaposema Kaptula anamsikiliza, usidhani anajitungia. Kuelewa Maarifa ya Jamii haelewi. Kumtazama mtoto anamtazama.

Sasa mpango wa mume wako. Sitamsema vibaya, kwa sababu naona anachotaka: mtoto asione kisu, mzee asiaibike, nyumba iwe na amani. Ni mpango wa baba anayeogopa kumwona binti yake akilia. Ila nataka uutembee hatua kwa hatua, kuanzia hiyo Alhamisi. Neema anarudi shule, banda tupu. Anaambiwa wezi. Atawatafuta, huyo si mtoto wa kukaa. Atauliza kwa majirani, na pengine kuna kijana wa watu atakayeanza kutazamwa vibaya kwa wizi ambao haukutokea. Siku ya Jumapili ndafu anatoka, na kwenye sherehe ya ukoo mzima, wajomba na binamu wote wapo, mmoja atasema tu, "Aah, Kaptula kanona kweli!" Watoto hawajui kutunza siri, na watu wazima wakishapata mbege nao hawajui. Atajifunza siku hiyo hiyo ya komunyo, akiwa na gauni jeupe, kwamba rafiki yake yuko kwenye sinia na wazazi wake walimdanganya.

Nina sababu ya kusema hivi. Nilikulia Tengeru, na nilikuwa na jogoo. Niliambiwa kaliwa na kicheche. Kesho yake nikakuta manyoya yake jalalani, yamefungwa vizuri kwenye gazeti. Nikuambie ukweli ambao hautanipendezesha: yule jogoo nilikuwa nimeshamla usiku uliopita, na niliongeza mchuzi. Kumla sikumbuki kama kuliniuma. Lile gazeti ndilo ninalolikumbuka mpaka leo, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Kwa miaka kadhaa mama akiniambia jambo lolote nilikuwa nakwenda kuchungulia jalalani.

Kwako kuna la ziada, kwamba mtoto huyu kuongea kwenyewe ni kazi. Anachagua nani wa kumpa maneno yake. Akigundua mlimdanganya, anaweza kupunguza na hayo machache anayokupa jikoni.

Lakini usifikiri nakuambia kwamba kumchinja Kaptula ni ukatili usiosemeka. Watoto wengi wa Kilimanjaro wamelea mbuzi wakamwona akienda, wakalia, wakakua wakawa watu wema. Ikiwa mwisho wake familia itaamua hivyo, kuna namna ya kufanya ambayo mtoto anaweza kuibeba. Aambiwe mapema na wewe mwenyewe na baba yake, si na binamu. Apewe siku za kumuaga. Asilazimishwe kuwepo, asilazimishwe kula, na asitokee mtu wa kumtania mezani. Na wewe umwambie wazi: "Nilikuahidi kitu kisicho changu, nilikosea." Hatari ya njia hii unaijua, umeshaisikia kinywani mwake: anaweza kuikataa komunyo, na hata akiikubali, anaweza kuishika maisha yake yote kama siku aliyoilipia kwa Kaptula. Mzungumzieni hilo na katekista pia, kwa upole. Nasikia wengine huwa wanakumbuka kisa cha nabii Nathani katika 2 Samweli sura ya 12, yule maskini na mwanakondoo wake mmoja, aliyekula chakula chake na kunywa kikombeni mwake, akawa kwake kama binti. Ni kisa kizuri, lakini nakuomba usikipeleke kwa Babu kama fimbo. Yule tajiri wa Nathani alinyang'anya. Babu alitoa.

Kutafuta mbuzi mwingine ndiyo njia ambayo kila mtu atakushauri, na ina raha yake. Laki mbili ni nyingi kwa muuza mitumba, ila huenda si lazima itoke mfukoni mwako peke yako. Ndugu wa Dar na Arusha wanakuja na zawadi, na mmoja wao akiambiwa mapema kwamba zawadi yake kwa Neema iwe ndafu, anaweza kufurahi kwa kupunguziwa kazi ya kufikiria. Hapo kuna tahadhari mbili. Usikubali kubadilishana na jirani kimya kimya, maana Kaptula atakwenda kuchinjwa huko na hutakuwa umeokoa kitu. Na ujue Krismasi inakuja. Desemba nusu ya Dar inapanda Kilimanjaro, kila kihamba kinatafuta mbuzi, na mnene kuliko wote amesimama kwenu. Kwa hiyo akiachwa, iamuliwe ameachwa kweli. Vinginevyo mtakuwa mmemsogezea mtoto kilio miezi michache mbele. Kumpeleka kwa mama yako mzazi nako ni hivyo hivyo, kusogeza tu, tena saa kumi na moja jioni Neema atakuwa hana wa kumsomea.

Mume wako naye ana hoja ya gharama, isidharauliwe. Mbuzi akitunzwa anaishi miaka kumi na zaidi, hiyo ni mizigo mingi ya majani. Ila si kweli kwamba hatoi kitu. Mwulize samadi inayolisha migomba yenu inatoka wapi. Halafu kama ataishi, ulishaji ubadilike: dume aliyehasiwa akishindiliwa pumba na nafaka ili anone, hupata mawe kwenye njia ya mkojo, akaziba, akafa kwa maumivu makali. Majani zaidi, pumba kidogo, maji safi wakati wote, na bwana mifugo amwone. Anayenoneshwa kwa sherehe na anayeachwa azeeke hawalishwi sawa.

Kigugumizi nisikiache. Ulichokiona nyuma ya banda si muujiza, ingawa najua matope yale yalikuwa matamu. Watu wengi wenye kigugumizi hawakwami wanapoimba, wanapoongea na mnyama, au wanaposema pamoja na wenzao. Msikilize kanisani mnaposali Baba Yetu kwa pamoja, huenda ukagundua hakwami hapo pia. Kwa hiyo ulimi wake ni mzima. Kinachomkwamisha kinamjia zaidi anaposubiriwa na macho ya watu. Kaptula hammalizii neno, hatazami saa, hasemi "taratibu, vuta pumzi." Hayo hata wewe na baba yake mnaweza kumfanyia, na mwalimu wake akielezwa. Ukipata nafasi uliza pia hospitali kubwa iliyo karibu kama wana mtaalamu wa matamshi. Nasema haya kwa sababu moja: hata mkimwacha Kaptula aishi, mbuzi huugua, mbuzi hufa. Ulimi wa mtoto usifungwe kwenye kamba ya mbuzi mmoja.

Nimemwacha Babu mwisho kwa sababu ndiye aliyenishughulisha kuliko wote. Unaandika kwamba neno lake halirudishwi, na sina shaka, unamjua. Lakini je, kuna mtu amewahi kujaribu kulirudisha kwa heshima, faraghani, kabla ya siku? Au wote mnaogopa jibu ambalo hajawahi kulitoa? Maana kwenye barua hiyo hiyo umepitisha sentensi moja haraka haraka, kana kwamba haina uzito. Maganda ya ndizi kwenye mfuko wa koti. Mzee wa miaka 78, katoka kwenye mbege, giza limeingia, na hajaingia ndani mpaka amkune huyo mbuzi pembeni ya pembe. Wale majike wawili anawakuna?

Sijui moyoni mwake kuna nini. Inawezekana ni mfugaji anayekagua ndafu wake kama unavyokagua mgomba unaokaribia kukatwa, na ukienda na maneno mengi utamkasirisha. Inawezekana pia naye alishasema mbele ya watu, kama ulivyosema wewe jikoni, na sasa hajui atokeje. Wa kukusaidia kujua ni mama mkwe. Ukimya wake usiuhesabu kuwa ni kukubali. Ameishi na mzee huyo miaka mingi, anajua mlango gani hufunguka na saa ngapi. Nenda kwake kwanza, mkiwa mnamenya ndizi za mtori, si kwa kikao. Na mume wako ajue unakwenda. Akisikia kwa watu kwamba umempita, utakuwa umeongeza ugomvi ambao leo haupo.

Kuna jambo jingine, nalo nalisema kwa tahadhari. Babu hajawahi kumsikia mjukuu wake akisoma. Anamfahamu yule anayeonyesha kwa kidole. Neema yuko bandani saa kumi na moja, mzee anapita saa moja, miaka miwili wamepishana kwa saa mbili tu. Simaanishi umpange mtoto kama kwaya ya wageni. Akijua anasikilizwa atakwama, na utakuwa umemchukulia hata hilo banda. Mwulize yeye. Mwambie kwanza ukweli kuhusu ahadi yako, kwamba mwenye neno ni Babu na wewe unakwenda kulizungumza bila kujua litaishaje. Kisha umwulize kama angependa Babu ajue anachofanya kule, na kama angependa ajue kwa namna gani: umweleze wewe, aandike barua yeye, au siku moja tu achelewe kutoka bandani na taa yake. Akisema hapana, basi ni hapana.

Wiki tano si chache. Uniandikie, hata kwa mistari miwili, na usiache kunieleza ya lile koti.

Shangazi